Mjamzito akizimia, asilazwe chali

Mhariri,

Mwanamke mwenye mimba ya miezi saba anaanguka akiwa kwenye foleni. Watu wanamkimbilia, wanamlaza chali, mmoja anampepea, mwingine anammwagia maji usoni, wa tatu analeta maji ya sukari na kumlazimisha ameze. Akifumbua macho anaambiwa, "Pole mama, ni mimba tu hiyo." Nia ni njema, lakini hapo yamefanyika makosa matatu, na wasomaji wako ndio wanaokuwa karibu na mama kama huyo kabla mkunga au daktari hajafika. Tunaomba nafasi tuyaeleze.

Kosa la kwanza ni kule kumlaza chali. Kuanzia karibu wiki ya 20, mji wa mimba unakuwa mzito kiasi cha kuukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu ya miguuni na nyongani kwenye moyo. Mshipa huo unapita ubavuni mwa uti wa mgongo, upande wa kulia. Mama akilala chali, mtoto, maji na kondo vyote vinauelemea. Damu inabaki chini, moyo unakosa cha kusukuma, presha inashuka, na mtoto naye anapunguziwa damu. Mama aliyezimia kwa sababu ya kusimama sana angezinduka ndani ya dakika moja au mbili, lakini kwa kulazwa hivyo anachelewa, au anazinduka na kuzimia tena palepale. Wapo wanaozimia bila kusimama kabisa, kwa kulala chali tu kitandani au kwenye meza ya ultrasaundi: wanaanza kutoka jasho, kichefuchefu kinawapanda, rangi inawapotea.

Mgeuze alale ubavu wa kushoto. Kama hawezi kugeuzwa, pengine ameumia au mahali ni pafinyu, kunja nguo au koti liwe kama bunda na ulisukumie chini ya nyonga yake ya kulia. Usitafute vipimo. Angalia tumbo: likionekana limeegemea kushoto, bunda linatosha, likiwa bado limesimama wima katikati, ongeza. Tumbo likishaegemea, miguu inaweza kuinuliwa juu ya kiti au begi. Kuinua miguu huku tumbo likiwa limeukalia mshipa hakusaidii sana, maana damu inayoshuka kutoka miguuni inakutana na njia iliyobanwa.

Kumnywesha ni kosa la pili. Mjamzito ana hatari kubwa kuliko mtu mwingine ya kupaliwa, kwa sababu homoni za mimba hulegeza msuli unaofunga mdomo wa tumbo, na kilichomo tumboni hupanda kwa urahisi. Mpe kinywaji akiwa ameketi, anajibu maswali na anashika kikombe mwenyewe. Asiinuliwe haraka pia. Akae amelala kwa ubavu dakika 10 hadi 15, aketi dakika chache, ndipo asimame akiwa ameshikwa.

La tatu, lile la "ni mimba tu", linahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu mara nyingi ni kweli.

Mimba inaubadilisha mzunguko wa damu mapema, hata kabla tumbo halijaonekana. Mishipa inalegea na kutanuka, kwa hiyo presha hushuka kidogo, na mara nyingi huwa chini zaidi katikati ya mimba, kisha hupanda kurudi ilikokuwa. Damu yenyewe inaongezeka kwa karibu nusu kufikia mwezi wa nane, lakini maji ya damu yanaongezeka kuliko chembe nyekundu, kwa hiyo wekundu wa damu unaonekana kupungua. Moyo unapiga mara 10 hadi 20 zaidi kwa dakika na kusukuma damu zaidi ya kawaida kwa asilimia 30 hadi 50. Kwa mwanamke mwenye moyo mzima, hayo yote yanabebeka. Atasikia moyo ukienda mbio akipanda ngazi, atapata kizunguzungu akiinuka ghafla, na anaweza kuzimia akisimama muda mrefu kwenye joto au akikaa na njaa. Ila kazi hiyohiyo ya ziada ndiyo inayoufichua moyo uliokuwa na kasoro ya siku nyingi bila mwenyewe kujua.

Kutenganisha hayo mawili hakuanzii kwenye mashine. Kunaanzia kwenye maswali, na tungependa kila anayemhudumia mjamzito aliyezimia ayaulize kabla ya kutoa pole. Alikuwa katika mkao gani? Nini kilitangulia? Alizindukaje?

Kuzimia kwa kawaida kuna dalili zinazotangulia. Mtu amesimama, au ameinuka sasa hivi. Anasikia joto, masikio yanavuma, macho yanaona kiza, kijasho chembamba kinatoka, kisha miguu inaisha nguvu. Akishafika chini anazinduka haraka na anajua alipo. Mikono inaweza kurukaruka kwa sekunde chache, na hiyo peke yake si degedege. Lakini aliyezimia akiwa ameketi au amelala kwa ubavu, aliyezimia katikati ya kazi ngumu au ngazi, aliyeanguka bila dalili yoyote, aliyesikia moyo ukikimbia ghafla au ukirukaruka kabla ya giza, mwenye maumivu ya kifua, au ambaye ndugu yake wa damu alifariki ghafla akiwa kijana, huyo ana moyo wa kuchunguzwa siku hiyohiyo. Asisubiri tarehe ya kliniki.

Aliyekakamaa mwili mzima, akatikisika kwa dakika nzima au zaidi, kisha akabaki amelewalewa na usingizi, hakuzimia. Baada ya wiki ya 20 ya mimba, na hata wiki kadhaa baada ya kujifungua, hicho kichukuliwe kuwa kifafa cha mimba mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mara nyingi hutanguliwa na kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au maumivu chini ya mbavu. Alazwe ubavu, asitiwe kitu mdomoni, apelekwe hospitali ambako atapewa kwa sindano magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege. Presha ya 160 kwa 110 ni dharura hata kama hajatikisika.

Na mwanamke wa umri wa kuzaa aliyezimia huku tumbo la chini likimuuma, hata kama hedhi imechelewa kwa wiki mbili au tatu tu, asipewe chochote kinywani. Mimba iliyotunga nje ya kizazi ikipasuka, damu inamwagika ndani ya tumbo bila kuonekana ukeni, au inaonekana kidogo sana. Maumivu kwenye ncha ya bega ni dalili ambayo watu huidharau, kwa kuwa bega liko mbali na tumbo, kumbe damu imefika chini ya kiwambo cha kifua na kukichokoza. Hapo dakika zinahesabiwa.

Tuseme sasa maswali yamejibiwa vizuri, moyo umesikilizwa, ni kuzimia kwa kawaida. Bado si jambo la kupuuzwa, kwa sababu kuanguka kwenyewe kunaumiza. Asubuhi asiruke kutoka kitandani. Aketi ukingoni, achezeshe vifundo vya miguu juu na chini mara 20 au 30 ili misuli ya vigimbi isukume damu, ndipo asimame. Anywe kiasi cha lita 2 hadi 2 na nusu kwa siku, na akijua atasimama muda mrefu, anywe nusu lita kwa mkupuo mmoja robo saa kabla. Ale kidogokidogo mara nyingi, kwa sababu mlo mkubwa huvuta damu kwenda tumboni. Maji ya kuoga yawe vuguvugu, mlango wa bafu usifungwe kwa ndani. Soksi za kubana zivaliwe kabla ya kushuka kitandani. Zikivaliwa saa nne asubuhi, miguu ikiwa imeshavimba, zinafungia maji yaliyokwisha kukusanyika.

Dalili zikianza akiwa amesimama, apishanishe miguu, mmoja mbele ya mwingine, abane mapaja na makalio kwa nguvu, afungamanishe vidole vya mikono miwili na kuivuta kama anayetaka kuviachanisha. Ashikilie hivyo nusu dakika bila kubana pumzi. Hilo hurudisha presha kwa muda wa kutosha kupata mahali pa kuketi. Asipopapata, aketi chini sakafuni. Aibu ya kuketi sakafuni ni ndogo kuliko jino lililovunjika. (Ule ushauri wa kuinamisha kichwa katikati ya magoti bila shaka ulitolewa na mtu asiyewahi kubeba tumbo la wiki 34.)

Tahadhari moja: ushauri wa kunywa maji mengi ni wa wenye moyo mzima. Mwenye moyo ulioshindwa kazi, mwenye vali iliyobana au mwenye kifafa cha mimba kinachonyemelea anapangiwa maji na daktari wake, na lita za ziada zinaweza kuishia kwenye mapafu.

Upungufu wa damu unapaswa kuangaliwa kwa kila aliyezimia. Kiwango cha chini cha wekundu wa damu (hemoglobini) kinachokubalika ni gramu 11 kwa desilita. Chini ya 7 ni upungufu mkali, na moyo unakimbia ili kufidia. Vidonge vya kuongeza damu vyenye miligramu 30 hadi 60 za madini chuma na asidi ya foliki ya mikrogramu 400 humezwa kila siku. Wengi huvimeza na chai, na chai huzuia madini hayo yasifyonzwe. Vidonge na chai vipishane angalau saa moja. Tumbo likikataa, avimeze wakati wa kulala badala ya kuviacha. Choo kuwa cheusi ni kawaida.

Anayetumia dawa za presha naye aangaliwe. Methyldopa inaweza kuishusha presha mtu akisimama. Kidonge cha nifedipini cha kutoa dawa polepole kikitafunwa au kuvunjwa hutoa dawa yote kwa pamoja. Kimezwe kizima.

Tuje kwenye moyo wenyewe. Kasoro inayojificha sana ni vali iliyoharibiwa na homa ya rumatiki utotoni, matokeo ya maambukizi ya koo yasiyotibiwa. Vali ya kushoto, kati ya chumba cha juu na cha chini, hupata makovu na kubana. Damu hupita pale moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Moyo ukipiga mara 70 kwa dakika, muda huo unatosha hata kwa mlango mwembamba. Mimba ikiusukuma hadi 110, muda unakatika, damu inasongamana nyuma, na nyuma ni mapafuni. Ndiyo maana msichana aliyecheza mpira shuleni bila tatizo anaweza kuanza kukohoa usiku akiwa na mimba ya miezi saba. Tiba yake inaanza kwa kitu rahisi: kupumzika, dawa ya kupunguza kasi ya moyo kama metoprolo, na furosemaidi ya kutoa maji. Aliyekuwa akichomwa penisilini kila baada ya wiki 3 au 4 ili kuzuia homa hiyo aendelee. Sindano hiyo ni salama kwa mtoto, na kuikatisha kwa sababu ya mimba ni kosa tunalotaka lisirudiwe.

Dalili ambayo tungeomba kila familia iikariri ni idadi ya mito. Kila mjamzito huhema zaidi ya kawaida, kila mjamzito anaweza kuvimba miguu, na kwa hiyo hayo mawili hayasaidii sana kutofautisha. Lakini anayelala kwa mto mmoja wiki hii na wiki ijayo anahitaji mitatu, anayeamka usiku akikimbilia dirisha atafute hewa, anayekohoa kila akijinyoosha na kunyamaza akiketi, huyo maji yanaingia mapafuni. Makohozi yakiwa na povu la rangi ya waridi, ni dharura.

Mapigo pia yanaweza kuhesabiwa nyumbani. Weka vidole viwili, si kidole gumba, kwenye kifundo cha mkono upande wa gumba, uhesabu dakika nzima mama akiwa ameketi na kutulia dakika tano. Kati ya 80 na 100 haishangazi. Zaidi ya 120 akiwa ametulia, au mapigo yasiyo na mpangilio, aonwe siku hiyo. Moyo unaowaka mbio ghafla hadi 180 na kuzima ghafla kama swichi mara nyingi ni hitilafu ya umeme wa moyo inayotibika hata wakati wa mimba, kwa kupuliza kwa nguvu chini ya uangalizi, kwa sindano ya adenosini, na ikibidi kwa mshtuko wa umeme. Kipimo cha umeme wa moyo na kile cha eko (ultrasaundi ya moyo) havina mionzi. Hakuna sababu ya kusubiri mtoto azaliwe kwanza.

Kuhusu dawa za moyo tunarudia jambo moja: usiache wala kuendelea bila kusema una mimba. Enalapri, kaptopri, lisinopri na losatani huharibu figo za mtoto na kukausha maji ya uzazi, kwa hiyo hubadilishwa mara mimba inapogundulika. Wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ina hatari ya kumlemaza mtoto, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12, lakini mwenye vali ya chuma akiiacha ghafla anaweza kupata bonge la damu kwenye vali. Daktari ndiye anayepanga lini sindano za hepari zenye kazi hiyohiyo zishike nafasi yake. Mahali pazuri pa mazungumzo hayo ni kabla ya kutafuta mimba. Kwa wachache, wenye presha kubwa ya mishipa ya mapafu, vali iliyobana sana au moyo dhaifu mno, ushauri wa kweli ni kutobeba mimba. Hao wasipewe vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni kwa sababu huongeza hatari ya damu kuganda. Vipandikizi na vitanzi vinawafaa wengi wao.

Familia nyingi hudhani mwenye ugonjwa wa moyo lazima apasuliwe. Kwa wengi si hivyo. Kuzaa kwa njia ya kawaida kunapoteza damu kidogo kuliko upasuaji na kuleta maambukizi machache, isipokuwa mshipa mkuu wa moyo umetanuka, moyo umezidiwa papo hapo, au uchungu umeanza wafarini ikiwa bado mwilini. Kila kubana kwa uchungu kunasukuma mililita 300 hadi 500 za damu kurudi kwenye mzunguko, kwa hiyo mama alale ubavu au nusu ameketi, atulizwe maumivu mapema, dripu ihesabiwe, na akifika kusukuma asaidiwe kwa vakyumu, kifaa cha kumvuta mtoto, badala ya kuachwa akijikakamua saa nzima. Oksitosini ya kuzuia damu itolewe polepole, si kwa mkupuo kwenye mshipa. Ergometrini, dawa nyingine ya kuzuia damu, asipewe.

Hatari kubwa inakuja pale wengi wanaposhangilia. Mtoto akitoka, mji wa mimba unajikunja na kurudisha damu yake, mshipa uliobanwa unafunguka, na moyo unapokea mzigo wote kwa dakika chache. Saa 24 hadi 72 za kwanza ndizo za kumwangalia mama huyu kwa karibu zaidi, si za kumruhusu kwa sababu kitanda kinahitajika.

Upo pia moyo unaotanuka na kudhoofika kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba hadi miezi mitano baada ya kujifungua, kwa mwanamke ambaye hakuwahi kuwa na ugonjwa wa moyo. Akilalamika kwamba anachoka na hapumui vizuri, huambiwa ni kulea, ni kukosa usingizi. Swali la mito linamhusu yeye kuliko wote. Wengi wao hupona wakianza dawa mapema, lakini mimba nyingine isubiri eko na ruhusa.

Ikitokea mama hapumui na haitikii, mtu mmoja akandamize katikati ya kifua kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kwa ajili hiyo tu atalala chali, juu ya kitu kigumu. Mtu wa pili apige magoti ubavuni mwake na kulisukuma tumbo lote kushoto kwa mikono miwili, bila kuliachia, mpaka msaada ufike.

Ombi letu kwa kliniki ni dogo. Aliyesema amezimia apimwe presha na mapigo akiwa amelala kwa ubavu dakika tano, kisha akisimama, dakika ya kwanza na ya tatu. Presha ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, sababu imeonekana. Na kwenye kadi yake pasiandikwe "kizunguzungu" peke yake. Paandikwe saa, mkao, kilichotangulia, alizinduka baada ya muda gani, kama aliangukia tumbo, na kundi lake la damu. Aliyeangukia tumbo akiwa na kundi hasi (Rh hasi, kama O-) ana saa 72 za kupata sindano ya kinga ya anti-D, inayozuia mwili wake usitengeneze kinga dhidi ya damu ya mtoto.

Wakunga na wauguzi wa wajawazito wenye maradhi ya moyo